Usiulaumu mwani, utazame mkono unaolisha

Siku hizi si ajabu kuingia katika ofisi ya wakili, ukumbi wa hoteli au chumba cha kungojea daktari hapa Nairobi na kukuta tangi la kioo lenye samaki wa rangi na mimea ya majini. Wapo pia watu wengi wa mapato ya kadiri ambao wamezipeleka bustani hizi za majini majumbani mwao. Mimi ni mmoja wao, na sioni haya kusema kwamba kupumzisha macho mbele ya tangi safi jioni ni starehe isiyo na gharama kubwa na isiyomdhuru mtu.

Hata hivyo, tangi lililonunuliwa kwa mbwembwe mwezi wa Januari aghalabu huwa limebadilika sura kufikia Pasaka. Kioo huvaa utando wa kijani, majani ya mimea huota nyuzi kama ndevu za mbuzi, na maji yenyewe hufanana na mchuzi wa mboga. Mwenye tangi hukasirika. Husugua kioo, hununua chupa ya dawa, humwaga maji yote na kuanza upya. Baada ya majuma matatu mwani hurudi. Mwishowe tangi hutupwa stoo, na samaki huwa wamekwisha kufa mmoja mmoja.

Nathubutu kusema kwamba katika kesi hii aliyeshtakiwa siye mwenye hatia. Dalili ya mvua ni mawingu, na mwani ni wingu tu. Chanzo kimo katika mkono unaolisha, mkono unaowasha taa na mkono unaojaza samaki kupita kiasi. Asiyelikubali hilo atasugua kioo maisha yake yote.

Tuanze kwa kuutambua mwani wenyewe. Wengi huudhania kuwa uchafu. La, huo ni uhai unaojitengenezea chakula kwa mwanga, sawa na mahindi yaliyo shambani. Unahitaji mwanga, hewa ya ukaa na rutuba, hasa naitrojeni na fosforasi. Haja hizo ndizo pia haja za mimea tuliyoipanda kwa makusudi ndani ya tangi. Mbegu za mwani ni ndogo mno zisionekane kwa macho, nazo huingia pamoja na maji, pamoja na majani ya mimea mipya, na hata kwa hewa. Kwa hivyo hakuna tangi lisilo na mwani. Swali la mwenye busara si jinsi ya kuufukuza wote, bali ni jinsi ya kuunyima nafasi ya kutawala.

Isitoshe, mwani si wa aina moja, na kila aina ina habari yake ya kutueleza. Vumbi la kahawia linalotanda katika tangi jipya ni diatomu, na kwa kawaida huondoka lenyewe baada ya majuma machache. Maji yakiwa ya kijani kibichi, jua na rutuba vimezidi. Manyoya meusi yanayoshika kingo za majani ni jamii ya mwani mwekundu, na mara nyingi hutokea pale ambapo hewa ya ukaa majini hupanda na kushuka ovyo. Ama ule utando wa kijani kinachoelekea buluu, wenye utelezi na harufu mbaya, huo kwa hakika si mwani bali ni bakteria, japo nao huishi kwa mwanga. Anayezipiga aina zote hizi kwa dawa moja ni sawa na mganga anayempa kila mgonjwa kidonge kimoja.

Jambo hili si geni. Mnamo 1849 mkemia mmoja wa London, Robert Warington, aliwatia samaki wawili wadogo wa dhahabu katika chombo cha kioo chenye ujazo wa galoni 12 hivi, kisha akapanda humo mmea wa majini uitwao Vallisneria. Alitaka kuthibitisha kwamba mmea utawapa samaki oksijeni na samaki wataupa mmea hewa ya ukaa, hata maji yasihitaji kubadilishwa. Kwa muda mambo yalikwenda vyema. Kisha majani makuukuu yakaanza kuoza, maji yakachafuka, na utando wa kijani ukatambaa kwenye kioo. Warington hakutia sumu. Alijiuliza ni nani anayeifanya kazi ya usafi katika madimbwi ya asili, akatafuta konokono watano au sita wa dimbwini na kuwaweka humo. Konokono wakala majani yaliyooza pamoja na ule utando, maji yakatakata, na mayai yao yakawa kitoweo cha samaki. Mwaka 1850 alitoa taarifa hiyo mbele ya Chama cha Kemia cha London. Mazoea ya kufuga samaki pamoja na mimea katika kioo yalienea Uingereza miaka michache tu baadaye.

Lililo kubwa katika habari hiyo si konokono. Ni ile njia ya kufikiri. Warington alipoona utando hakuuliza, "Nitauua kwa nini?" Aliuliza, "Ni kitu gani kilichozidi hapa, na ni nani wa kukila?" Swali hilo ndilo ninalotaka kila mfugaji wa samaki ajiulize.

Lakini msomaji asikimbilie mtaroni kuokota konokono. Katika nchi yetu baadhi ya konokono wa maji baridi, yaani wale wa jamii za Biomphalaria na Bulinus, ndio wanaobeba vijidudu vya kichocho. Watu wa Mwea, wa Pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria wanaujua ugonjwa huo vizuri kuliko mimi. Kumtoa konokono mtoni na kumweka katika tangi ambalo watoto hutumbukiza mikono ni kuileta hatari sebuleni.

Sasa natufuate safari ya punje moja ya chakula cha samaki. Sehemu yake huliwa, na sehemu nyingine huzama na kuoza chini ya changarawe. Ile iliyoliwa nayo hutoka kama kinyesi, na kama amonia ambayo samaki huitoa kwa mashavu yake. Amonia ni sumu. Bakteria wanaoishi katika kichujio na kwenye changarawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Katika tangi jipya bakteria hao huhitaji majuma manne hadi sita kabla ya kuimudu kazi hiyo. Nitrati, pamoja na fosfati iliyotoka katika chakula kile kile, ni mbolea. Ama italiwa na mimea uliyoipanda, ama italiwa na mwani ambao hukuupanda. Hakuna njia ya tatu isipokuwa kuichota na kuimwaga nje pamoja na maji.

Ndiyo sababu matangi ya ofisini huwa ya kijani kuliko yote. Katibu hutupa chakula kidogo asubuhi, tarishi hutupa kidogo saa sita, na mgeni anayengoja zamu yake hutupa kidogo ili awaone samaki wakigombea. Tangi la watu wote hulishwa na kila mtu na husafishwa na hakuna. Zaidi ya hayo, mara nyingi huwekwa karibu na dirisha ili lionekane, na taa yake huwashwa tangu mlango ufunguliwapo hadi bawabu aizime usiku. Sisi tunaishi kwenye ikweta, ambako jua pekee hutupa takriban saa 12 za mwanga kila siku ya mwaka. Ukiongeza taa juu ya jua, unaulisha mwani karamu isiyokwisha.

Tazama basi tiba zinazopendwa. Ya kwanza ni dawa ya chupa. Dawa nyingi za kuua mwani hutegemea shaba au kemikali nyinginezo zinazowadhuru pia konokono, kamba wadogo na hata mimea laini. Tuseme dawa ikafanya kazi na mwani ukafa kwa siku mbili. Mizoga yake itakwenda wapi? Itaoza humo humo. Kuoza kunakula oksijeni, na samaki wataonekana alfajiri wakitweta juu ya maji. Kisha rutuba iliyokuwa ndani ya mwani hurudi majini, tayari kukilisha kizazi kijacho. Mwenye duka hatakosa mteja.

Tiba ya pili ni kununua samaki wa kufanya usafi. Maarufu kati yao ni yule wa Amerika Kusini mwenye mdomo wa kunyonya, ambaye huuzwa akiwa na urefu wa kidole. Mnunuzi haambiwi kwamba samaki huyo anaweza kupita sentimita 30, wala kwamba kinyesi chake ni kingi kuliko mwani anaoula. Kumtia katika tangi dogo ni kumwajiri mfagiaji anayekuja na takataka zake mwenyewe.

Njia ninayoishikilia mimi haiuzwi dukani, na labda ndiyo sababu haitangazwi. Kwanza, punguza mwanga. Liondoe tangi dirishani, na taa iwake saa sita hadi nane kwa siku, kwa saa zile zile kila siku. Swichi ya saa ya bei nafuu huifanya kazi hiyo vizuri kuliko kumbukumbu ya mtu. Pili, panda mimea mingi tangu siku ya kwanza, hasa ile inayokua haraka, badala ya vijiti viwili vya mapambo. Mmea unaokua haraka ni mdomo wenye njaa unaouwahi mwani mezani. Tatu, lisha kidogo, kiasi kinachoweza kuliwa kwa dakika mbili tatu, na ikiwezekana siku moja katika juma usilishe kabisa. Samaki mwenye afya hafi kwa njaa ya siku moja. Nne, badilisha robo ya maji kila juma, ukivuta uchafu ulio chini kwa mpira. Maji ya mfereji yakae ndooni siku nzima ili klorini ipungue, au yatiwe dawa ya kuiondoa. Tano, majani yanayooza yakatwe na kutolewa mara moja.

Lililobaki ni subira. Mwani uliojengeka kwa miezi mitatu hautaondoka kwa siku tatu. Ung'oe kwa mkono ule unaong'oka, ukwangue ule ulio kwenye kioo, kisha uache mizani igeuke. Hata pale inapobidi kulifunika tangi kwa blanketi siku tatu ili maji ya kijani yakose mwanga, hiyo ni huduma ya kwanza tu. Ukilifunua na kurudia mazoea yale yale, mwani utarudi.

Wapo watakaonipinga wakisema kwamba adui ni mmoja tu, nayo ni fosfati. Hawakosi ushahidi. Mwaka 1973, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, David Schindler na wenzake waliligawanya ziwa dogo linaloitwa Ziwa 226 kwa pazia la plastiki. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia hizo hizo na kuongeza fosforasi. Upande uliotiwa fosforasi uligeuka kijani kwa mwani, na ule mwingine ukabaki safi. Picha iliyopigwa kutoka angani ilisaidia kuwashawishi watu kwamba fosfati ya sabuni na ya maji machafu lazima idhibitiwe.

Katika miaka ya 1990 wafugaji wengi wa Amerika Kaskazini walilichukua somo hilo na kujaribu kuinyima bustani yao ya majini fosfati yote. Baadaye wengine walifanya kinyume. Waliitia mimea mbolea kamili, fosfati ikiwamo, na mwani haukuja maadamu mimea ilikuwa mingi na yenye nguvu. Je, mmoja kati yao ni mwongo? Sidhani. Lile ziwa la Kanada halikuwa na mtunza bustani wa kulipandia mimea iliyoweza kuiwahi fosforasi ile. Tangi linaye. Mmea uliodhoofika kwa njaa hauwezi kushindana na mwani, kwa kuwa mwani huridhika na makombo. Kwa hivyo pande zote mbili zinalisema jambo moja: rutuba isiyo na mlaji itapata mlaji, nawe huenda usimpende.

Hapa ndipo suala hili linapotoka sebuleni. Maji na mimea ya tangi huishia mahali fulani, na mahali hapo aghalabu ni mto. Gugumaji lililoliziba Ziwa Victoria tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 asili yake ni Amerika Kusini, na lilisambazwa ulimwenguni kwa sababu watu walilipenda ua lake. Lilikuwa pambo kabla ya kuwa balaa. Mimea unayoipunguza tangini ikaushe juani kisha uizike shambani. Usiitupe mtaroni hata kidogo.

Na je, tumelitibu vipi gugumaji? Tumelikata kwa mashine, tumeling'oa kwa mikono, na tukaachilia fukusi wa kulila. Fukusi hao walisaidia sana, na gugu lilipungua kabla ya miaka ya 1990 kwisha. Katika miaka ya 2000 likarudi, kwani karamu ilikuwa bado imeandaliwa. Mito ilizidi kuleta udongo na mbolea kutoka mashambani, na miji ilizidi kuleta maji ya vyoo. Chini ya gugu, mwani nao ulikuwa ukishiba. Wanasayansi waliolinganisha vipimo vya miaka ya 1990 na vile vya miaka ya 1960 waliona kwamba uzalishaji wa mwani ziwani ulikuwa umeongezeka kama maradufu. Katika Ghuba ya Winam ule wa kijani-buluu hutanda juu ya maji kama rangi iliyomwagika, na baadhi yake, kama vile Microcystis, unaweza kutoa sumu inayodhuru ini.

Hasara yake si harufu pekee. Fulu wa Ziwa Victoria, wale samaki wadogo waliokuwa wa mamia ya jamii, waliliwa sana na mbuta aliyetiwa ziwani miaka ya 1950. Lakini hata waliosalia walikutwa na msiba mwingine. Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walieleza katika jarida la Science kwamba fulu jike humchagua dume kwa rangi yake. Maji yanapojaa ukungu wa mwani na tope, jike hazioni rangi barabara, jamii zilizo karibu huchanganyika, na tofauti zilizochukua maelfu ya miaka kutokea hufutika. Samaki hao hawakuvuliwa wala hawakuliwa. Walipotea kwa kukosa kuonana.

Baadhi ya fulu ambao ni adimu mno ziwani hivi leo wanahifadhiwa katika matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani. Huko wapo watu wanaopima chakula chao na saa za mwanga, na kubadilisha maji yao kila juma, ili samaki wa ziwa letu wasiishe duniani. Ikiwa nidhamu hiyo inawezekana kwa tangi moja la ng'ambo, kwa nini tuione kuwa haiwezekani kwetu?

Sidai kwamba ziwa ni tangi. Hakuna mpira wa kulivutia uchafu wala blanketi la kulifunika. Lakini mkono unaolisha tunaujua, nao ni wetu. Serikali za kaunti zilizo kandokando ya ziwa zinapopanga bajeti, ziutangulize mtambo wa kusafisha maji taka kabla ya mashine ya kukata gugu. Mkulima wa mlimani aweke makinga-maji ili mbolea aliyoinunua kwa taabu ibaki shambani mwake. Mafunjo ya Yala na Nyando yasigeuzwe mashamba, kwa maana hayo ndiyo mimea ya tangi letu kubwa. Hupunguza kasi ya maji ya mto, hushika tope na kula rutuba kabla haijamfikia mwani.

Na wewe uliye na tangi sebuleni, usiudharau mfano wako. Mtoto anayejifunza nyumbani kwamba kijani cha kioo hutokana na konzi ya chakula iliyozidi, ataelewa akikua kwa nini ghuba nzima hubadilika rangi mvua inyeshapo. Leo jioni, kabla ya kukishika kitambaa cha kusugua kioo, hesabu ni mikono mingapi imelilisha tangi lako tangu asubuhi.